Yowe la Kuazima

Kichupa kilishuka na treni ya Bara,
kimelala kwenye boksi la barafu,
kimechelewa Itigi saa saba nzima.
Nilikitilia saini stesheni ya Tabora
katikati ya madumu ya asali
na kuku wa mtu waliofungwa miguu.

Ndani yake unga haba, mikrogramu ishirini,
haufiki hata ukungu wa pumzi kwenye kioo.
Kibandiko kinasema: intaferoni ya ng'ombe.
Lakini hakuna ng'ombe aliyeitoa.
Wameitengeneza bakteria
waliopewa kipande kidogo cha maandishi ya ng'ombe,
wakakimeza, wakakisoma,
wakaanza kulia kwa sauti isiyo yao.
Hawajui nyasi. Hawajui kupe wala josho,
wala mkono wa mkamuaji alfajiri.
Watoto wa chupa, wamefundishwa yowe.

Msengi, mlinzi wetu, akauliza:
"Hiyo dawa inaua kirusi?"
Nikamwambia haiui hata inzi.
"Sasa kazi yake nini?"
Inapiga mwano.
Akanyamaza. Akaelewa
kuliko wanafunzi wangu wote wa mwaka huu.

Usiku ule wa Puge nilikuwa na miaka tisa.
Wezi walianzia kwa Nyanzala,
nyumba ya mwisho, upande wa mbuga.
Walimziba mdomo kwa kanga yake mwenyewe,
maana mwizi stadi, kama kirusi stadi,
huanza na mdomo.
Kanga ilikuwa kuukuu. Ikachanika.
Sauti ikatoka.
Baba akaisikia, akaburuta miiba hadi mlango wa zizi.
Jirani akaipokea, akairusha mbele,
ikapita ua kwa ua,
kila aliyeisikia akifunga kwanza
ndipo naye apige.
Ng'ombe wetu walibaki.
Wake, kumi na mmoja, hawakubaki.
Asubuhi alikuja kwetu kuomba maziwa ya mtoto,
na mama akamjazia kibuyu bila kumtazama usoni.

Leo nina sahani ya visima tisini na sita,
kila kisima kijiji cha seli za figo ya ndama.
Safu za kushoto nimezipa yowe.
Za kulia nimeziacha zilale.
Kesho yake nikamwaga kirusi cha malengelenge
kote sawasawa, bila upendeleo,
nikafunga kabati la joto.

Saa nane za usiku umeme ukakatika.
Jenereta likakohoa, likagoma.
Nilisimama na tochi ya simu mdomoni,
mkono mmoja kwenye mlango wa kabati
kama anayemshika mgonjwa bega,
nikihesabu dakika. Kumi na nne.
Likakubali.

Kisha rangi ya zambarau.
Seli iliyo hai huishika rangi,
iliyokufa huondoka na maji.
Kulia: visima vyeupe,
zizi la Nyanzala kulipokucha.
Kushoto: zambarau, zambarau,
zambarau,
kisha inaanza kufifia
pale nilipolizimua yowe mara elfu nne,
nyumba za mbali
zilizosikia nusu ya neno
zikabaki kubishana kama ni fisi.

Kwenye daftari, safu ya chanzo,
nikanakili namba ya kibandiko kwa wino.
Pembeni, kwa penseli, jina moja.
Mkaguzi akija nitalifuta.

Kapela wa Uyui alifika saa nne,
yule tuliyemtoa damu ndama wake wawili mwezi wa Machi
na mmoja ameshakufa.
"Nimlete lini aliyebaki?"
Nikamwambia bado. Hii ni ya kuulizia, si ya kutibia.
Labda miaka. Labda isiwe hii kabisa.
Nikamwonyesha sahani dirishani.
Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua kwenye jua,
akatazama vile vyeupe
muda mrefu kuliko vya zambarau.

"Basi ulizeni haraka," akasema,
akaenda kuifungua baiskeli yake.